Meza ya Kulia Chakula Inapogeuka Ofisi

JUMA: Dada Neema, wasikilizaji wanaofanyia kazi nyumbani wanalalamikia shingo na macho. Tuanzie wapi?

NEEMA: Kwenye laptopu yenyewe. Skrini na kibodi vimeungana: mikono ikikaa vizuri, shingo inainama, ukiinua skrini, mabega yanapanda. Kiti cha bei yoyote hakitibu hilo. Tafuta kibodi na kipanya vya kuunganisha, kisha pandisha laptopu juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho au uwe chini yake kidogo.

JUMA: Na umbali?

NEEMA: Urefu wa mkono, sentimita 50 hadi 70. Herufi zikiwa ndogo, zikuze, usisogeze uso. Wenye miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja washushe skrini zaidi, maana sehemu ya kusomea iko chini ya kioo na huwalazimisha kuinua kidevu.

JUMA: Meza ya kulia nayo ina matatizo yake. Nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi. Mtu mfupi viwiko vyake hubaki chini ya meza, basi anachapa mabega yamepanda kutwa nzima. Aweke mto kwenye kiti mpaka viwiko vifike usawa wa meza.

NEEMA: Halafu miguu inaning'inia, kaka! Ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini, ganzi inaingia. Mto ukikuinua sentimita 10, weka rimu mbili za karatasi, moja juu ya nyingine, ukanyagie hapo. Rimu moja ni sentimita 5 hivi. Kiti cha plastiki kikiacha uwazi kiunoni, kunja taulo uuzibe.

JUMA: Macho sasa. Kuna wanaoshangaa: yanachoma, lakini yanatoa machozi.

NEEMA: Ni ukavu huohuo. Ukikodolea skrini unapepesa mara chache, na kope hazikutani sawasawa. Jicho likikauka linaudhika, linamwaga machozi mepesi yasiyokaa. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20, huku ukifumba macho kabisa mara kadhaa.

JUMA: Kwa joto la Dar es Salaam, pangaboi haizimwi.

NEEMA: Isizimwe, ila usikae chini yake moja kwa moja. Ya kusimama ielekeze miguuni. Dirisha nalo liwe ubavuni: likiwa nyuma yako linang'aa kwenye skrini, likiwa mbele linakuumiza macho.

JUMA: Na matone ya duka la dawa?

NEEMA: Omba machozi bandia, na usome kiboksi. Yenye steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe kama deksamethasoni, usiyatie bila daktari wa macho. Yanatuliza haraka, ndiyo maana watu huyapenda, lakini yakitumika muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi.