Sauti Ndani ya Chupa: Muziki Katika Kipindi cha Sayansi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, naomba nianze na jambo ambalo wengi wetu, mimi nikiwemo, tumelifanya kwa miaka mingi: kuchukua tuni ya kwaya, kupachika ndani yake majina ya sayari au sehemu za ua, kisha kusema kwamba tumeunganisha muziki na sayansi. Wimbo wa namna hiyo husaidia kukariri, nami siukatazi. Lakini mtoto aliyeuimba hajapima kitu, hajakisia kitu, wala hajaona kisio lake likienda kombo. Ninachopendekeza ni kwamba muziki wenyewe uwe ndicho kitu kinachochunguzwa.

Chukueni chupa mbili za soda zinazolingana, moja itiwe maji robo, nyingine robo tatu, kisha waulizeni watoto wa Darasa la Nne ni ipi itakayotoa sauti nyembamba zaidi. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, darasa liligawanyika. Waliogonga kwa kijiko walisema ni ile yenye maji kidogo. Waliopuliza mdomoni mwa chupa walishikilia kuwa ni ile yenye maji mengi. Nilidhani wananifanyia mzaha, mpaka nilipozishika chupa mwenyewe nikakuta pande zote mbili zimesema kweli.

Anayepuliza hutetemesha hewa iliyo juu ya maji, na nafasi ya hewa ikipungua, mtetemo huwa wa haraka zaidi. Anayegonga hutetemesha kioo pamoja na maji yaliyomo, na maji yakizidi, kinachotetemeka kinakuwa kizito, hivyo mtetemo unapungua kasi. Kabla sijayasema hayo, binti mmoja aliikumbatia chupa kwa viganja: mlio wa kugonga ukafa palepale, lakini mwenzake alipopuliza, sauti ilitoka kama kawaida. Sikuwa nimeliandaa jaribio hilo, na sijapata kuandaa lililo bora kuliko hilo.

Zeze nalo lina mengi. Uzi wa sentimita 60 ukibanwa ubaki sentimita 30, idadi ya mitetemo kwa sekunde huwa takriban maradufu, nasi tunasikia do ya juu. Ukibaki sentimita 40 tunasikia so. Hapo somo la sehemu katika Hisabati limeingia bila kubisha hodi. Kwenye ilimba ya Wagogo, ala ambayo marehemu Hukwe Zawose aliitambulisha duniani, vijiti vifupi vya chuma hutoa sauti nyembamba kuliko virefu, na utando wa buibui unaozibia tundu huongeza mvumo. Mtoto wa Dodoma pengine ameuona utando huo nyumbani. Mwacheni yeye ndiye aeleze.

Kuhusu ngoma nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mpigaji anajua kwa nini huiotesha moto: ngozi ikipoteza unyevu hukaza, na sauti hupanda.

Najua mtaniuliza kuhusu kelele. Ni kweli, mwalimu wa darasa la jirani atalalamika, kwa hiyo fanyieni somo hili chini ya mwembe. Chupa zipo hapo mezani. Kila kundi lichukue mbili, na kisio liandikwe kabla mtu hajagusa kijiko.