Chembe Zimekaa Wapi?

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: mtu akiniletea plastiki iliyotiwa nanochembe, yaani chembe ndogo mno za kuiimarisha, akaanza kunitajia asilimia ya chembe alizotia, simwelewi mpaka anionyeshe picha ya hadubini ya elektroni. Asilimia haisemi chembe zimekaa wapi.

Chukueni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, yenye chembe za kipenyo cha nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Gramu moja tu ina uso wa zaidi ya mita za mraba 250. Uso huo ndio tunaoutafuta, maana hapo ndipo polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayounda plastiki, inapoishika chembe na kuitwisha mzigo. Sasa chembe zikigandamana zikawa donge, nyuso za ndani polima haizifikii, na donge lenyewe ndipo ufa unapoanzia. Najua kuna atakayesema, "Basi tuongeze chembe." Haya, ongeza! Utapata madonge makubwa zaidi, na plastiki nzito isiyotaka kujaza kalibu.

Watafiti wa Toyota walituonyesha zamani, kwa nailoni na udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ni tabaka juu ya tabaka, kila moja unene wa nanomita 1 hivi. Waliikuza nailoni katikati ya tabaka hadi zikaachana. Kwa udongo usiofika asilimia 5 ya uzito, joto ambalo nailoni huanza kupinda chini ya mzigo lilipanda kutoka nyuzi 65 hivi hadi karibu 150. Chini ya asilimia 5, jamani!

"Kwa hiyo tuzitawanye sawasawa, yaishe?" Hayaishi. Kutawanya ni kazi moja, kupanga ni nyingine. Ziko polima zinazofanya fuwele zikipoa, yaani minyororo yake hujipanga kwa utaratibu. Ukizipoza haraka, fuwele huzimeza chembe palepale zilipo. Ukizipoza polepole sana, fuwele zinapokua huzisukuma chembe, zikajipanga kwenye nafasi kati ya fuwele na fuwele, na plastiki ikakakamaa zaidi. Chembe ni zilezile, kiasi kilekile! Kilichobadilika ni mwendo wa kupoza.

Yaliyobaki nayapitia mbio. Ukipandikiza minyororo michache ya polima juu ya silika, chembe hizo zaweza kujipanga zenyewe kuwa nyuzi au shuka. Sumaku nayo hupanga chembe zinazovutwa nayo kabla resini, yaani plastiki ikiwa bado majimaji, haijakauka. Lakini kilichoimarishwa upande mmoja hakiimariki hivyo upande wa pili, kwa hiyo kabla ya kupanga chochote, jueni kwanza mzigo wa kifaa chenu utatokea upande gani.