Jani Lililobaki na Rangi ya Kahawia

Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu wa biolojia wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha

Ndugu wanachuo, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mafunzo ya ualimu wa biolojia katika shule za sekondari, nami nimeamua kuanza na kipindi nilichokiharibu mwenyewe, kwa kuwa vile vilivyonyooka havikunifunza mengi.

Nilikuwa katika mazoezi yangu ya kwanza ya kufundisha. Mada ilikuwa usanisinuru, yaani namna mimea inavyojitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, na jaribio lilikuwa lile ambalo kila mmoja wenu amelifanya angalau mara moja, yaani kupima wanga katika jani. Jani huchovywa katika maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja hivi ili seli zake zife, kisha huwekwa katika alkoholi ya moto mpaka umbijani, yaani rangi yake ya kijani, utoke na jani lipauke, halafu husuuzwa kwa maji ili lilainike, na mwisho hudondoshewa iodini. Palipo na wanga, rangi hugeuka kuwa buluu iliyokoza inayokaribia weusi. Pasipo na wanga, iodini hubaki na ukahawia wake. Andalio langu la somo lilikuwa safi, malengo yameandikwa na muda umegawanywa dakika kwa dakika. Nisichokifanya ni kulijaribu jani lenyewe mapema. Mmea wangu nilikuwa nimeufungia kabatini kwa siku tatu, nikihofia usije ukachezewa na wanafunzi, na huko gizani ukautumia wanga wote uliokuwa umeuhifadhi. Jani likabaki la kahawia.

Aibu yenyewe, hata hivyo, haikuwa hiyo. Nilipokusanya madaftari nilikuta karibu darasa zima limeandika kwamba jani liligeuka kuwa buluu iliyokoza, kwa sababu ndivyo kitabu chao kilivyosema. Mwalimu mlezi, aliyekuwa ameketi nyuma muda wote, alilichukua lile jani kwa koleo, akalilaza juu ya daftari mojawapo, pembeni mwa sentensi hiyo, kisha akaniambia: "Ukisahihisha kwa mwongozo wako, hawa wote wamepata."

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na leo naweza kuwaambia kwamba sehemu kubwa ya mafunzo yenu imo ndani ya tukio hilo. Mwalimu aliyeiva angefurahi kuliona jani la kahawia. Angeliuliza darasa mmea ulikuwa wapi tangu juzi, na kutokana na jibu hilo wangefika wenyewe kwenye hitaji la mwanga, njia ambayo ingekuwa bora kuliko ile niliyoipanga. Mimi sikuweza, si kwa sababu sikuijua biolojia, bali kwa sababu niliijua kwa namna ya mtu anayejibu mtihani.

Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliipa jina aina hiyo ya maarifa ambayo mimi nilikuwa sina. Alieleza kwamba kuna kulijua somo, kuna kuzijua mbinu za kufundisha kwa jumla, na kuna maarifa ya tatu yanayozaliwa pale viwili hivyo vinapokutana: kujua ni mfano gani hulifungua wazo fulani, ni wapi wanafunzi hukwama, na wanakuja darasani wakiwa tayari wanaamini nini. Vyuo hupanga mafunzo kwa njia mbalimbali, kwani vingine hufundisha sayansi na ualimu pamoja tangu mwaka wa kwanza, na vingine humpokea mtu aliyekwisha kupata shahada ya sayansi na kumwongezea mafunzo ya ualimu. Sioni haja ya kubishana ipi ni bora. Katika zote mbili, maarifa hayo ya tatu ndiyo yanayochelewa kufika.

Chukueni swali hili: mti mkubwa umepata wapi uzito wake? Waulizeni wanafunzi, na wengi watawajibu kwamba umeutoa udongoni. Msiwacheke, kwa sababu lugha yetu yenyewe huiita mbolea chakula cha mimea. Jan Baptist van Helmont, mkemia wa karne ya 17, alilijaribu wazo hilo kwa mizani. Alipanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5, na mwishoni mti ukawa na ratili 169 na zaidi kidogo, ilhali udongo ulikuwa umepungua kwa wakia 2 hivi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, na hapo ndipo utamu wa mfano huu ulipo kwa mwalimu: kipimo kilikuwa sahihi, hitimisho likawa pungufu, kwa kuwa hakuihesabu hewa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kaboni ya ubao wa meza imetoka kwenye kabonidayoksaidi, gesi ambayo ni takriban asilimia 0.04 tu ya hewa, ana haki ya kutoamini, na mwalimu anayemwona hajaamini amekwisha kupata pa kuanzia.

Lugha inastahili uangalifu wa pekee, na hapa nitakawia kidogo. Neno "kupumua" kwa mtu wa kawaida ni kuvuta na kutoa hewa kwa mapafu. Sisi tunalichukua neno hilohilo na kuliambatisha kwenye seli, tukimaanisha kuvunjavunja glukosi ili nishati ipatikane, kisha tunashangaa mwanafunzi anapoandika kwamba mimea haipumui mchana. Au chukueni jeni tawala, yaani ile ambayo sifa yake hujitokeza hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu. Anayelisikia neno "tawala" hudhani ni jeni yenye nguvu zaidi au iliyoenea zaidi, wakati hali ya kuzaliwa na kidole cha ziada mara nyingi husababishwa na jeni tawala na bado ni adimu, na kundi la damu O, ambalo hurithiwa kwa njia fiche, yaani hujitokeza tu jeni yake ikitoka kwa wazazi wote wawili, ndilo linaloongoza kwa wingi katika jamii nyingi duniani. Kabla hamjaingia darasani, zipitieni istilahi za mada yenu moja moja na mjiulize kila neno lina maana gani nje ya darasa. Kazi hiyo huchukua nusu saa na huokoa wiki nzima.

Kuhusu maabara nitasema machache, kwa kuwa mna kozi yake. Alkoholi hupashwa moto kwa kuiweka chupa yake ndani ya chombo cha maji ya moto, na moto wenyewe uwe umezimwa, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi. Kila jaribio lifanyeni wenyewe siku iliyotangulia, kwa vifaa vilevile na mmea uleule. Katika mada ya uzazi, jizoezeni kuyatamka majina ya viungo kwa sauti ya kawaida mbele ya wenzenu hapa chuoni, maana mwalimu anayeinamisha macho huliambia darasa kwamba hapo pana jambo la kuchekwa.

Limebaki suala la kutathminiwa. Wengi wenu mnamwogopa mkufunzi atakayekuja kuwakagua, nanyi mtaandaa siku hiyo kipindi cha maonyesho, chenye chati za rangi na maswali ambayo majibu yake yamekwisha kufanyiwa mazoezi. Tunavitambua vipindi hivyo, mara nyingi ndani ya dakika tano za mwanzo. Mimi hupenda zaidi kukaa karibu na mwanafunzi wa dawati la mwisho na kusoma anachokiandika, na maoni yangu kwa mwanachuo hutoka humo zaidi kuliko ubaoni.

Kwenye meza za nyuma kuna hadubini sita, na katika kila moja nimeweka ngozi nyembamba ya kitunguu. Anzeni na lenzi ya ukuzaji mdogo. Vitabu viacheni mlipoketi. Kila mmoja achore anachokiona, kisha tutailinganisha michoro, na nina hakika kwamba baadhi yenu mtakuwa mmechora, kwa ustadi mkubwa, duara lenye ukingo mnene mweusi na kuliandikia pembeni "seli". Hilo ni povu la hewa. Aliyelichora asilifute, wanafunzi wake watalichora pia, na nataka atueleze alionaje hata akadhani ni seli.