Washington: Shamba la Wassa

JUMA: Karibuni tena. Leo ni jina moja tu, Washington. Zuhura, tuanzie mji mkuu wa Marekani?

ZUHURA: Hapana, huko ndiko lilikoishia. Tuanzie kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu na mto Wear. Boldon Book, daftari la mapato ya Askofu wa Durham la mwaka 1183, linaandika Wassyngtona.

JUMA: Wengi wakiona "wash" wanadhani kuna habari ya kufua nguo.

ZUHURA: Ndilo kosa la kwanza, kusoma tahajia ya leo. Tafuta ya zamani kuliko zote, uikate vipande. Wassa ni jina la mwanamume. -ing- inaunganisha mali naye. Tun, kwa Kiingereza cha Kale, ni uwanja uliozungushiwa uzio, kisha shamba na nyumba zake. Usiseme "mji".

JUMA: Basi ni shamba la Wassa. Na ukoo wa akina Washington uliingiaje?

ZUHURA: Kwa kubadilishana ardhi. Daftari linasema William wa Hertburn aliachia kijiji cha Hertburn akapata Washington, isipokuwa kanisa na ardhi yake. Malipo yake pauni 4, na kwenda kwenye windo kuu la askofu na mbwa 4 wa mbio.

JUMA: Mbwa ndani ya hati ya kodi! Lakini hapo bado anaitwa wa Hertburn.

ZUHURA: Umeona? Jina lilifuata ardhi. Baadaye ndipo ukoo ukaitwa de Wessington. Mtu asiye na ardhi mara nyingi alibandikwa jina la kwao baada ya kuhama. Ni kama Mpemba: huitwa hivyo akifika Tanga. Chake Chake nani atamwita Mpemba?

JUMA: Kosa jingine?

ZUHURA: Kudhani kijiji ni kimoja. Kuna Washington ya Sussex, kusini, iliyoandikwa Wessingatun karne ya 10. Ile -inga- ni wingi: shamba la watu wa Wassa. Silabi moja, na maana imehama. Kwa hiyo rudi nyuma kizazi kwa kizazi, kwa daftari za parokia, wosia na hati za ardhi. Ukoo wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, unapita Sulgrave, shamba ambalo babu yake wa kale Lawrence Washington alilinunua mwaka 1539, kisha Lancashire, ndipo Durham, kwenye kile kijiji cha kwanza.

JUMA: Na akina Washington wa Marekani leo?

ZUHURA: Hapo watu hupotea kabisa. Katika sensa ya 2000, takriban asilimia 90 yao walikuwa Wamarekani Weusi. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri Mmarekani Mweusi aliyezaliwa utumwani, alijipa jina hilo shuleni. Kumtafutia mtu kama huyo mizizi Durham ni kupoteza muda.

JUMA: Aanzie wapi?

ZUHURA: Sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida zilitaja jina la mmiliki. Mtumwa kwa kawaida aliandikiwa umri, jinsia na rangi, si jina.