Jina la Mwana Kupona

Assalaam alaykum mama zangu, baba zangu, na vijana mliofika jioni hii hapa Lamu. Nimeombwa nizungumzie majina ya kike ya pwani yetu, nami nimechagua moja tu. Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili analijua, lakini ni nadra kusikia mtoto akiitwa hivyo uani: Mwana Kupona.

Mwana lilikuwa neno la heshima. Lilimtangulia mwanamke muungwana, kama Bwana lilivyowatangulia wanaume. Pate, kisiwa jirani yetu, ilikuwa na wafalme walioitwa Bwana Mkuu na Bwana Tamu, na katika karne ya 18 ikatawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija. Watu wa Mombasa nao, katika masimulizi yao ya kale, wanamtaja malkia wao Mwana Mkisi. Baadaye heshima hiyo ikagandana na jina lenyewe, tukapata Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi. Hayo mnayo majumbani, sina haja ya kuyaeleza.

Utamu uko kwenye Kupona. Siku hizi ukisema fulani amepona, fikra za watu huenda hospitali. Lakini aliyenusurika chombo kilipozama amepona. Mama aliyejifungua baada ya uchungu wa kutisha, naye amepona. Kupona ni kusalimika. Jina hili basi ni ndugu wa Salama na Majaliwa, ni shukrani na dua kwa pamoja. Tena ni Kiswahili kitupu, katika mji ambao majina mengi ya kike tumeyapata kwa Waarabu. Mimi nalipenda kwa hilo pia.

Mwenye jina tunayemkumbuka ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate karibu mwaka 1810, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji wa kisiwa hicho hicho cha Pate, aliyepambana na Seyyid Said wa Unguja. Mumewe alifariki 1856. Mwaka 1858 akamtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Alikuwa mgonjwa, na humo humo anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Kisha, beti zikielekea kwisha, anajitaja: jina lake, jina la babake, na Pate alikozaliwa. Kila nikifika hapo machozi hunilenga. Aliyepewa jina la dua ya uzima yuko kitandani, na bado anataka jina hilo libaki ndani ya wasia wa mwanawe. Karibu mwaka 1860 akafariki.

Sasa tazameni ubaoni. Nimeliandika Kupona kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu: kafu, wau, be, wau, nuni, alifu. Katika mwandiko ule wa zamani, mara nyingi be ilisimama mahali pa b na pa p pia, na wau ikasomwa u au o. Asiyelijua jina angeweza kusoma Kubuna, na asingekuwa na la kumrekebisha kwenye karatasi. Watu walilisoma sawasawa kwa sababu walikuwa wamelisikia likiitwa. Jina lisipoitwa, hata maandishi yake yanaanza kufungika.

Ndiyo maana nasikitika linapoonekana la kizee. Nasikitika pia linapokatwa kwenye fomu: Mwana likaandikwa mahali pa jina la kwanza, Kupona likasukumwa kwenye nafasi ya jina la baba, na msichana akapita darasa hadi darasa akiitwa Mwana tu. Heshima imebaki, dua imeondolewa.

Kwa hiyo mwenye mjukuu njiani, nakuomba ulifikirie. Na siku ya kumwandikisha, andikeni Mwanakupona, neno moja, na msome cheti kabla hamjaondoka dirishani.

Nimemaliza kwa upande wangu. Kama yupo hapa mwenye nyanya au somo wa jina hili, na asimame atueleze alipewa kwa sababu gani.