Diski mpya iwe peke yake: kuinstoli mfumo kwenye SSD

Assalaam aleikum walimu wangu, shikamooni wakubwa, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni ingieni, mbele kuna mikeka. Najua Lamu hii jioni kama hii mtu anataka akae Mkunguni apunge upepo, kwa hivo nashukuru mmekuja na ntaingia kwenye kazi moja kwa moja.

Kazi yenyewe ni kutoa diski ya kizamani kwenye laptopu, ile inayozunguka, na kutia SSD kisha kuinstoli mfumo upya, yaani Windows au mwenziwe wa bure Linux Mint. Naipenda sana kazi hii kwa sababu laptopu nyingi zinazoletwa kwangu mwenyewe anakuja ashakata tamaa, fundi hii imezeeka nataka kutafuta nyingine, ukiifungua prosesa nzima, RAM nzima, skrini nzima, ugonjwa wote uko kwenye diski. Ile diski ndani ina sahani inazunguka mara 5400 kwa dakika na kuna mkono unaenda unarudi kutafuta faili, na Windows ikiwaka inataka faili ndogo ndogo maelfu, kwa hivo ule mkono unakuwa kama punda anayebebeshwa mchanga kutoka gatini mpaka Langoni kikombe kimoja kimoja. Kila safari kama milisekunde 10 au zaidi. SSD haina sahani wala mkono, ni chipu tupu, na safari hiyo inafanyika chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hapo ndo unaona laptopu iliyokuwa inawaka dakika 5 inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Kununua sitakaa sana. Kuna ya inchi 2.5 inayoingia pale pale ilipokuwa ya zamani, hiyo ni SATA, njia ya kizamani ya kuunganisha diski, inafika kama MB 550 kwa sekunde, na kuna ile nyembamba kama kijibao cha ubani wa kutafuna inaitwa M.2, lakini angalieni sana hapa, M.2 ni umbo tu, ndani yaweza kuwa SATA au NVMe, njia mpya, na slotu ya laptopu yako huenda inakubali moja inakataa nyingine, soma modeli yako kwanza ndo utoe pesa. NVMe ni haraka zaidi, zipo za MB 3500 kwa sekunde, ila mwalimu anayeandika mitihani na kufungua intaneti hatasikia tofauti kubwa kati ya hizo mbili, tofauti atakayoisikia ni ile ya kuachana na punda. Na ukiona SSD ya TB kadhaa inauzwa bei ya flashi usichukue, zipo zilizochezewa zinajitangaza kubwa na ndani hamna kitu, programu ya H2testw inaijaza diski mpaka mwisho halafu inasoma tena, uongo unatoka.

Sasa nikamateni hapa. Kuinstoli kwenyewe ni kitu cha nusu saa, mashine inakuuliza unajibu. Kazi ni ya kabla.

Kwanza toa vitu vyako, picha, mitihani, hesabu za duka, vitie kwenye diski ya nje na uvifungue kuhakikisha vinafunguka, usihesabu kwamba vimekopika. Pili angalia kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la siri la Windows, kwa sababu laptopu nyingine inajifunga yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft na wewe huna habari, siku unaitoa ile diski unaichomeka kwenye mashine nyingine unaulizwa namba ya tarakimu 48 na huijui. Ingia kwenye akaunti yako uitoe hiyo namba uiandike kwenye daftari kabla hujashika bisibisi.

Tatu, na hii ndo iliyonifanya nikubali kuja kuongea leo. Ukiinstoli, diski mpya iwe PEKE YAKE ndani ya mashine. Ile ya zamani itoe kabisa.

Ntawaeleza nimeijulia wapi. Kuna mwalimu mmoja aliniletea laptopu yenye nafasi mbili, diski ya kuzunguka na slotu ya M.2 tupu, mimi nikatia M.2 nikainstoli Windows pale, ya zamani nikaiacha mahali pake aweke picha, ikawaka vizuri akapanda boti akaenda zake kisiwani kwao. Baada ya miezi ile diski ya zamani ikafa, na laptopu nzima ikakataa kuwaka, inasema haioni cha kubuti, wakati Windows iko kwenye SSD nzima salama! Kumbe laptopu za UEFI, mtindo mpya wa kuwasha mashine, kuna kipande kidogo cha diski, mara nyingi MB 100 tu, ndo kinachoshika ufunguo wa kuwasha, na Windows ikiinstoliwa ikakuta kipande hicho kishakuwepo kwenye diski nyingine inatumia kile kile, haitengenezi kipya. Kwa hivo nyumba nilijenga huku, mlango nikauacha kwenye gofu. Mwalimu alilipa nauli ya boti kuja na kurudi na akakosa kompyuta wiki ya mitihani, na kosa ni langu mimi. Nilitengeneza, nikapunguza patisheni, yaani kipande cha Windows kwenye SSD, nikapata nafasi nikaandika ufunguo mpya kwa amri ya bcdboot, lakini ile wiki yake sikuweza kumrudishia. Tangu siku hiyo sijainstoli na diski mbili ndani, na kuna faida nyingine, huwezi kufuta diski isiyo yenyewe kwa bahati mbaya maana iko mezani.

Haya, flashi iwe ya GB 8 au zaidi, Windows 11 inakula zaidi ya GB 5 za bando, Linux Mint karibu GB 3, wenye bando dogo mje tushirikiane niko nazo zote. Unaiandika kwa programu ya Rufus, ukiulizwa chagua GPT na UEFI. Chaji betri ijae, na wakati wa kuinstoli waya uchomekwe, stima ya kwetu mnaijua. Kabla ya kufungua zima kabisa, chomoa waya, na betri kama inachomoka, meno ya dhahabu ya SSD usiyashike, na hapa kwetu na chumvi hii ya bahari ukifungua mashine ukaona slotu ina ukungu wa kijani ipanguse na spiriti safi kwanza ikauke. SSD ikishakaa washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, chagua flashi. Ukifika kwenye orodha ya diski utaona sehemu moja tupu, usiikate kate, ichague hivo hivo na uendelee, itajigawa. Ukiona orodha tupu kabisa usidhani SSD ni mbovu, laptopu nyingi za Intel zinataka draiva ya VMD, programu ndogo ya kuifanya Windows iione diski, shusha mapema uiweke kwenye flashi hiyo hiyo, na draiva ya Wi-Fi pia, kwa sababu mfumo ukiwaka bila Wi-Fi utaishushia wapi? Au chomeka simu kwa waya ugawe intaneti.

Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, ambayo mashine za zamani hazina, kwa hizo mimi natia Mint na watu wanafanya kazi.

Naona mkono, sema dada. Umenunua GB 500 inaonyesha 465, umeibiwa? Hapana, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024, baiti ni zile zile.

Na wewe baba, picha ulizofuta? Kwenye diski ya zamani pengine naweza kuzifufua, kwenye SSD siahidi, kuna kitu kinaitwa TRIM, ukifuta mfumo unaiambia diski ile nafasi haina kazi tena nayo inapasafisha. Kwa hivo ile ya zamani usiiuze wala usiifomati mwezi mzima, iweke kabatini.

Haya mezani kuna laptopu mbili ziko wazi na bisibisi nne, njooni wanne wanne, mama wewe anza, toa ile ya zamani uniwekee hapa kwenye kitambaa.