Rangi Iingie Ndani: Mhadhara kwa Wavuvi Vijana wa Tanga

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na ninyi vijana, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie kutengeneza chambo bandia cha plastiki laini na kukipaka rangi. Hilo neno "kupaka" ndilo lililonitoa nyumbani, maana ndilo ninalogombana nalo kila siku pale Deep Sea, soko letu la samaki. Sikuja kuwafundisha kupaka. Nimekuja kuwaomba muache.

Nawapa kisa changu mwenyewe. Ulikuwa mwisho wa kaskazi, bahari shwari. Nilikuwa nimemimina samaki 40 wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole, weupe watupu. Nikaketi barazani siku mbili nzima na brashi nyembamba, napaka mmoja mmoja: mgongo buluu, ubavu fedha, mashavu mekundu, jicho jeusi lenye duara la njano. Rangi yenyewe ya mafuta, hii ya milango. Kila aliyepita alisimama kutazama. Siku ya tatu bado wananata. Nikasema upepo wa baharini utawakausha, nikawapanga koponi, alfajiri tukatoka na ngarawa mimi na shemeji yangu, tukaenda kwenye mwamba nje ya kisiwa cha Yambe.

Kufungua kopo, samaki 40 wamekuwa donge moja. Nikambandua mmoja, ngozi yake ya buluu ikabaki kwa mwenziwe. Nikamtia ndoana, nikatupa, nikavuta. Mvuto wa tatu rangi ikawa imepasuka kila mahali anapojipinda, inatoka magamba magamba, yanaelea nyuma ya chombo. Shemeji alikuwa na chambo kimoja tu, tumbo la rangi ya maziwa, mgongo wa rangi ya moshi, na rangi hiyo aliimimina pamoja na plastiki yenyewe. Alipandisha kolekole wawili kabla jua halijawa kali. Mimi nilirudi na kopo langu.

Sasa sababu. Plastiki hii huanza ikiwa majimaji: unga wa PVC, ile plastiki ya mabomba, uliochanganywa na mafuta ya kuulainisha. Wenyewe huiita plastisoli. Mafuta hayo ndiyo yanayoufanya mkia uchezecheze kama wa dagaa, na hayatulii ndani. Kila siku yanajitokeza kidogo juu ya ngozi. Shika chambo kipya halafu sugua vidole, utayahisi. Kitu kinachotoka jasho la mafuta ukikipaka rangi ya mlango, itakauka lini? Na hata ikikauka, rangi ngumu juu ya mwili laini lazima ipasuke, kwa sababu mwili unajipinda na rangi haijipindi. Ndiyo maana pia ukiviweka vyambo hivi katika kisanduku cha plastiki ngumu isiyofaa, utakuta kisanduku chenyewe kimelika chini. Ni mafuta yale yale.

Najua kuna atakayesema, mbona vyambo vya dukani vina macho yaliyopakwa? Vimepakwa rangi ya vinaili, ambayo kiyeyusho chake huuma ngozi ya plastiki na kushikana nayo. Ukiipata, weka nukta ya jicho, sikukatazi. Ninachokataa ni kijana kutumia fedha yake ya mafuta ya boti kununua kikopo cha rangi ya mbao kwa sababu picha ilimpendeza.

Mwingine ananiambia, mzee, babu zetu walirambaza, wakivuta mshipi nyuma ya chombo, kwa unyoya wa kuku na nguru wakavua, wala plastisoli hawakuijua. Kweli kabisa. Lakini ule unyoya nani aliupaka? Weupe wake umeota nao! Unalowa, unakauka, unatafunwa, bado mweupe. Hicho ndicho ninachokitaka katika plastiki.

Na wekundu huu mnaoupenda. Maji hula rangi, na nyekundu huliwa kwanza. Ukishuka mita 10 hivi, mashavu uliyoyahangaikia siku nzima yanaonekana kijivu au meusi. Samaki wa chini haoni ulichokiona wewe barazani. Anaona kivuli, anaona mng'ao, anaona mwendo. Mtazameni kibua mkimtoa majini: mgongo wa giza, tumbo jeupe. Akitazamwa kutoka juu anapotea katika giza la chini, akitazamwa kutoka chini anapotea katika mwanga. Rangi mbili hizo zinakutosha kwa muda mrefu.

Haya, namna ya kuiingiza. Sogeeni, hiki kisufuria hakijapikiwa chakula na hakitapikiwa. Mwanzo plastisoli ni nyeupe kama maziwa, mnaona. Moto mdogo, koroga taratibu. Sasa inakuwa uji wa mabonge, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa, wanadhani imeharibika, wanaimwaga. Usiimwage! Endelea kukoroga. Ikifika joto la nyuzi 170 na kitu, mabonge yanayeyuka yenyewe, inang'aa, inateremka kutoka mwikoni kama asali. Ndipo matone ya rangi yanapoingia, mawili matatu, koroga, inua mwiko kwenye mwanga. Rangi ikizidi haitoki tena, ikipungua unaongeza. Vumbi la kumetameta liingie hapo hapo.

Unakuwa na visufuria viwili, kimoja cha rangi ya moshi, kingine cha rangi ya maziwa. Kalibu hii ya jipsamu, ule unga mweupe wa plasta, iko wazi juu, kwa hiyo mgongo ndio unaolala chini. Mimina ya rangi ya moshi kwanza, nusu. Usingoje ipoe, juu yake mimina ya maziwa ikiwa ingali ya moto, zishikane ziwe mwili mmoja. Ukichelewa utapata chambo cha vipande viwili, mzia atakitenganisha kwa mng'ato wa kwanza. Dakika chache tu, halafu shika mkia, vuta polepole, tumbukiza kwenye maji baridi kikiwa kimenyooka. Ukikilaza kimepinda kingali na joto, kitabaki kimepinda, na majini kitazunguka na kuusokota mshipi wako.

Nilitaka kusema mengi juu ya kalibu lakini muda unanitupa mkono. Jambo moja tu: ikauke. Jipsamu inaficha maji. Ikauke siku kadhaa, kisha uisiribe vanishi, na vanishi nayo ikauke. Tone moja la maji likikutana na plastiki ya joto hilo linageuka mvuke ghafla na kuirusha plastiki. Hili kovu la kwenye kifundo cha mkono nililipata hivyo. Plastiki ya moto haipanguswi kama chai, inanata na kuendelea kuunguza. Kwa hiyo ndoo ya kupozea ikae mbali na moto, vaeni glovu, mikono mirefu na miwani, na watoto wasiwepo.

Moshi. Mwaka 1949 huko Akron, Ohio, Marekani, Nick Creme alipika mnyoo wa plastiki laini jikoni kwake, na biashara hii ikaanzia hapo. Watu wakisikia hivyo nao wanahamia jikoni. Msihamie! Pikeni nje, chini ya mkungu, upepo ukiwa mgongoni. Ikipita nyuzi 200 inaanza kuwa njano, kisha kahawia, na moshi wake una asidi inayochoma macho na kifua. Ukiona unjano, ondoa motoni, usiiname kunusa. Na wewe uliyeniuliza mlangoni kuhusu kuyeyusha mabomba ya maji: hapana. Bomba ni PVC, lakini halina mafuta ya kulainisha. Litalegea tu, kisha litaungua kabla halijawa la kumiminika. Ndara za sponji nazo hivyo hivyo, zinaungua tu. Kinachoyeyushwa tena ni vyambo vilevile vilivyokatika, vioshwe chumvi na vikauke kabisa. Kwa hiyo vilivyokatika virudi nyumbani, visitupwe baharini. Haviozi, na samaki huvimeza.

Kuhusu madini ya risasi ya machubwi, vile vizito vya mshipi, naomba tuonane siku nyingine, ni sumu na inataka mazungumzo yake peke yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika moja, mwenyekiti. Binti yangu pale nyuma, umekuja na kalibu yako, nimeiona. Ilete. Umeimimina lini? Jumatano? Iguse shavuni, hivi. Unahisi ubaridi? Basi bado ina maji, hatuimiminii leo. Irudishe juani mpaka ubaridi huo uishe, halafu njoo nayo Sahare, nitakuwekea plastiki ya kutosha samaki sita.